Niagize laptopu ya vipuri nilivyochagua mwenyewe, au ninunue iliyo tayari?

Shikamoo Mshauri,

Naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni kuhariri video: masomo ya walimu, mahojiano, na mara chache filamu fupi ya mtu aliyeniamini. Nafanyia kazi nyumbani, zaidi usiku watoto wakishalala, kwa kutumia toleo la bure la programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve.

Laptopu yangu imefika mwisho. Nilipoinunua, muuzaji aliniapia kwamba RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya 8GB ningeiongeza wakati wowote nikitaka. Nilipopata kazi kubwa nikaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akaniita nione kwa macho yangu: RAM imechomelewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, na hakuna hata nafasi moja ya kupachika nyingine. Nikarudi kwa muuzaji, nikaambiwa wao wanauza tu, hawatengenezi. Nimeendelea nayo hivyo hivyo, nakata video vipande vipande huku nikiomba isizime kabla sijahifadhi.

Safari hii nimeweka akiba yangu mwenyewe, na nimejiapiza kwamba sitachaguliwa kitu na mtu. Nataka laptopu ya oda: prosesa ya daraja la juu, RAM ya 64GB, SSD mbili za kuhifadhia faili, kadi ya grafiki ya Nvidia, skrini yenye rangi za kuaminika, na isije na Windows. Nitaweka Linux mwenyewe, mfumo wa bure, ili nipunguze gharama.

Tatizo ni mahali pa kuinunua. Kampuni kubwa kama Lenovo na Dell zina kurasa za kuchagua vipuri, lakini nikiweka nchi yangu naonyeshwa zile zilizopangwa tayari tu. Nimeona kampuni ndogo zinazounganisha laptopu kwa oda na kuzituma popote. Wao wanakuachia uchague karibu kila kitu, ila sijawahi kumsikia mtu yeyote ninayemjua akinunua kwao. Nimependa sana Framework, ile unayoiunganisha mwenyewe, lakini hawatumi mizigo huku niliko.

Kaka yangu anaishi nchi nyingine na amejitolea kuagiza kwa anwani yake kisha aniletee akija. Nilimshukuru, lakini tangu hapo amekuwa akinisukuma nichukue MacBook ya Apple, anasema ndiyo mashine ya wahariri na mengine yote ni kujisumbua. Tena amesema ataongezea fedha nikimsikiliza. Mume wangu naye hataki habari ya kaka kabisa. Anasema niende dukani, nichukue iliyopo, niishike mkononi, ikiharibika tunajua pa kuipeleka. Juzi aliniambia kwamba hii habari ya kuchagua kila msumari ni majivuno. Neno hilo limeniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Nina kazi mpya inakaribia kuanza. Nikikosea sasa, sina akiba nyingine. Ninunue wapi, Mshauri? Na nifanye nini ili nisimkosee kaka yangu wala mume wangu?

Niliye njia panda

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nadhani ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Kuna mashine, yaani vipuri gani na kutoka kwa nani. Kuna ndugu wawili unaowapenda wanaovutana juu ya fedha zako. Na kuna kule kudanganywa dukani, ambako naona bado kunakuuma. Niruhusu nianze na hilo la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linaloandika orodha yako ya vipuri.

Uliumizwa na RAM, na sasa unataka RAM ya 64GB. Naielewa hamu hiyo. Lakini niulize kwa upole: unataka kuchagua kila kipuri, au unataka mtu asikudanganye tena? Mahitaji haya mawili yanafanana, ila hayanunuliwi mahali pamoja. La kwanza linahitaji muuzaji wa oda. La pili linaweza kutimizwa hata na laptopu ya dukani, mradi ujue kilichomo ndani kabla ya kulipa.

Na kujua kunawezekana. Lenovo, Dell na HP huchapisha miongozo ya ufundi ya modeli zao, ile wanayotumia mafundi, na hupakuliwa bure. Humo utaona picha za mashine ikiwa imefunguliwa, na utaelezwa ni kipuri gani kinachomolewa na kipi kinakuja pamoja na mazabodi. Ukurasa mmoja tu wa mwongozo kama huo ungekuokoa siku ile. Ukishapata modeli inayokuvutia, kutoka kwa muuzaji yeyote yule, soma sehemu ya RAM na ya SSD kabla ya kusoma bei.

Sasa turudi kwenye orodha yako. Ningeigawa upya: vitu visivyoweza kubadilishwa baadaye, na vitu vinavyoweza. Prosesa ya laptopu siku hizi huchomelewa. Kadi ya grafiki pia, karibu zote. Skrini hubadilishwa kwa taabu na gharama. Hivi ndivyo vya kuvikazia macho siku ya kununua. SSD kwa kawaida ni kipande cha M.2 kinachoshikwa na skrubu moja, fundi wako atakiweka kwa dakika chache. RAM inategemea: ikiwa ni vile vipande vya kuchomoka vinavyoitwa SO-DIMM, unaweza kuanza na 32GB leo na kuongeza ukishalipwa. Ikiwa ni aina ya LPDDR, mara nyingi imechomelewa, na ulichonunua ndicho utakachokaa nacho. Kuna umbo jipya la kuchomoka linaloitwa LPCAMM2, ambalo kanuni zake zilitolewa mwaka 2023, lakini bado liko kwenye modeli chache.

Watengenezaji hawachomelei RAM kwa uchoyo peke yake. Aina ile hutumia umeme kidogo na hufanya kazi vizuri ikikaa karibu sana na prosesa. Kwa hiyo ukiona laptopu nyembamba yenye betri ya kudumu siku nzima, kuna uwezekano mkubwa kwamba RAM yake haichomoki. Hapo chagua unachothamini zaidi.

Kwa kazi yako mahususi, sidhani kwamba RAM pekee ndiyo mkosaji. DaVinci Resolve hutegemea sana kadi ya grafiki, na kumbukumbu ya kadi hiyo, ambayo ni tofauti kabisa na RAM ya kompyuta, ikijaa programu hugoma hata kama una RAM ya kutosha. Na jina la kadi halitoshi. Kadi ya Nvidia RTX 4060 ya laptopu, kwa mfano, inaweza kuwekewa umeme wa wati 35 au hadi 115, kadiri mtengenezaji alivyoamua, na mashine hizo mbili zenye kadi ya jina moja hazitafanya kazi kwa kasi moja. Wauzaji wa oda wazuri huandika wati hizo. Asiyeziandika, muulize. Akishindwa kujibu, umeshajifunza jambo kumhusu.

Jaribu pia hili kabla ya kuagiza chochote: Resolve inaweza kutengeneza nakala nyepesi za video zako, ukahariri kwa hizo, kisha ikatoa kazi ya mwisho kutoka kwenye video halisi. Pengine tayari unafanya hivyo. Kama hufanyi, fanya kwenye mradi mmoja. Huenda ukagundua kwamba 32GB inakutosha kwa muda mrefu, na fedha iliyobaki ikaenda kwenye skrini nzuri au kadi yenye kumbukumbu zaidi.

Kuhusu Linux nataka uwe mwangalifu, si kwa sababu ni mbaya. Toleo la bure la Resolve kwenye Linux limekuwa halisomi video za muundo wa H.264, ambazo ndizo simu na kamera nyingi hurekodi. Toleo la kulipia husoma. Ukiokoa gharama ya Windows kisha ukalazimika kununua Resolve, au kugeuza kila faili kabla ya kuanza kazi, akiba hiyo itayeyuka. Jaribu Linux kwanza kwenye hii mashine uliyonayo, na video za wateja wako halisi. Ikikubali, agiza bila Windows kwa moyo mweupe.

Haya, mahali pa kununua.

Ununuzi wa namna unayoitaka si jambo geni. Michael Dell alianza biashara yake mwaka 1984 kwa kuuza kompyuta moja kwa moja kwa mnunuzi na kuiunganisha baada ya oda kuingia. Kampuni kubwa bado zinafanya hivyo, ila chaguo zimepungua kadiri vipuri vinavyochomelewa, na kama ulivyoona, ukurasa hubadilika kulingana na nchi. Usikate tamaa kwenye ukurasa huo tu. Mara nyingi wakala rasmi anayehudumia ofisi na mashirika anaweza kuagiza modeli ya kikazi yenye vipimo unavyotaka, hata kama tovuti haikuonyeshi. Mwandikie barua pepe, mpe orodha yako, mwombe bei kwa maandishi. Itachukua muda zaidi kuliko kununua ya rafuni, na huenda asikubali oda ya mashine moja. Akikubali, umepata ulichokitaka pamoja na kile mumeo anachokitaka, yaani mtu wa kumfuata.

Zile kampuni ndogo zinazokutia hofu, wengi wao ni watu wa kweli wenye kazi ya kweli. Wengi hawatengenezi ganda. Wanachukua ganda lenye mazabodi kutoka kwa watengenezaji wa jumla kama Clevo wa Taiwan au Tongfang wa China, kisha wanaweka RAM, SSD na mfumo unaotaka na kubandika jina lao. Schenker na Tuxedo za Ujerumani, PCSpecialist ya Uingereza na System76 ya Marekani ni majina yanayojulikana katika biashara hii, na Tuxedo na System76 wamejikita kwenye Linux. Faida yake ni uhuru mkubwa, na RAM kwa kawaida huchomoka. Hatari yake inakuja mwaka wa tatu, betri ikivimba au bawaba ikivunjika. Fundi wako atatafuta kipuri kwa jina lililo kwenye mfuniko na hatakipata. Kwa hiyo kabla ya kulipa, waulize namba ya modeli ya ganda lenyewe, na uulize kama wanauza betri na kibodi peke yake, kwa miaka mingapi, na kama wanazituma huko uliko. Betri za lithiamu hazitumwi kirahisi kama nguo. Jibu la swali hili kwangu lina uzito kuliko sifa zote walizoandika kwenye ukurasa wao.

Hiyo Framework uliyoipenda, naelewa kwa nini imekuvutia. Tangu laptopu yao ya kwanza mwaka 2021 wamekuwa wakiuza karibu kila kipuri kando, na hata mazabodi nzima inaweza kubadilishwa bila kutupa ganda. Kwa mtu aliyeumizwa kama wewe, hiyo ni dawa ya moja kwa moja. Lakini wao huuza kwa nchi walizoziorodhesha tu. Kuipitisha kwa kaka kunakuletea mashine, hakukuletei lazima waranti wala njia ya kupata vipuri. Faraja ni kwamba ukiwa na bisibisi na kipuri mkononi, unaweza kuitengeneza mwenyewe. Ila kipuri hicho nacho kitapita kwa kaka.

Na hapa ndipo naomba tukae kidogo, kwa sababu njia ya kaka ina mambo ambayo upendo peke yake hauyamalizi. Waranti nyingi hufungwa na nchi ilikonunuliwa mashine. Baadhi ya modeli za kikazi, ThinkPad za Lenovo zikiwemo, zina waranti ya kimataifa, lakini huduma hutolewa pale ambapo modeli hiyo inauzwa na kuhudumiwa. Isome kwa modeli yako hasa, usisome ya kampuni kwa ujumla. Halafu kuna kurudisha. Katika Umoja wa Ulaya, anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo, lakini sheria hiyo hiyo inaviacha nje vitu vilivyotengenezwa kwa maelekezo ya mnunuzi. Wapo wauzaji wa laptopu za oda wanaopokea marejesho hata hivyo, na wapo wanaokataa. Na kama kaka anakuja baada ya miezi, siku hizo zitakuwa zimeisha kabla hujawasha mashine. Mwombe aifungue, aiwashe, akague skrini, na akutumie picha ya ukurasa unaoonyesha RAM na SSD siku ile ile inapomfikia.

Mengine ni madogo ila husumbua. Kama anaishi nchi inayotumia kibodi za AZERTY au QWERTZ, herufi zitakuwa zimehama. Kwenye oda chagua kibodi unayoizoea. Chaja nyingi hupokea volti 100 hadi 240, utabadilisha plagi tu, ila soma maandishi yaliyo juu yake. Na awe anaibeba kwenye mzigo wa mkononi: mashirika ya ndege huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila kibali, ndiyo maana laptopu nyingi zenye nguvu huishia 99. Ushuru wa forodha uliulize mapema kwenye mamlaka ya huko kwenu, ujumlishe kwenye bei kabla ya kusema hii ni nafuu.

Sasa MacBook. Kaka yako hasemi upuuzi. Resolve hufanya kazi vizuri juu yake, na skrini zake ni nzuri kwa rangi. Lakini tangu prosesa ya M1 ya mwaka 2020, RAM ya mashine hizo iko pamoja na prosesa, na hifadhi yake nayo huiongezi kama unavyoongeza SSD ya M.2. Unachochagua siku ya kununua ndicho cha maisha yote ya mashine. Nitakuachia swali: je, mashine hiyo inaponya kidonda chako, au inakirudia kwa uzuri zaidi? Wapo wahariri wanaosema, nikiijua mapema sijadanganywa, na wameridhika kabisa. Wewe unaweza kuwa mmoja wao. Ila fedha aliyoahidi kaka kwa masharti iweke kando unapofikiria hilo. Piga hesabu ya MacBook kana kwamba unailipa yote wewe. Ikibaki kukuvutia, msaada wake utakuwa baraka. Ikiwa inavutia kwa sababu ya msaada tu, hilo nalo ni vyema ulijue. Unaweza kumwambia: "Kaka, nakushukuru, naomba unisaidie kubeba hata kama sitachagua unayoipenda wewe." Atakavyolipokea sijui, wewe ndiye unayemjua.

Mumeo alitumia neno lililokuuma, na silitetei. Mtu anayechagua zana za kazi yake kwa makini hafanyi majivuno. Lakini sikiliza alichokisema kabla ya neno lile: niishike mkononi, ikiharibika tunajua pa kuipeleka. Hiyo ni hoja nzito kuliko alivyoisema. Pengine anaogopa kukuona ukirudi tena umeinamisha kichwa kama siku ile ya fundi. Pengine kuna jambo lake na kaka yako ambalo halihusu laptopu kabisa. Muulize usiku mmoja mkiwa na utulivu, na umwambie kwamba neno lile lilikuumiza. Tena mpe kazi: mwende pamoja dukani na mwongozo wa ufundi mkononi, mwone kama kuna mashine yenye nafasi mbili za RAM, nafasi mbili za SSD, na kadi unayoitaka. Ikiwepo, fundi wako ataikamilisha, na muuzaji akuandikie kwenye risiti kwamba kuongeza RAM na SSD hakutavunja waranti. Safari hii kiapo cha mdomo kisikubaliwe. Isipokuwepo, ataona mwenyewe kwa nini unaangalia mbali.

Usiagize kitu chochote cha oda ikiwa kazi mpya inaanza kabla ya siku waliyokuahidi pamoja na wiki kadhaa za ziada. Oda huchelewa, kipuri kimoja kikikosekana zote husubiri. Kama muda ni mfinyu, unaweza kukodi au kuazima mashine kwa kazi hiyo ya kwanza, au kununua ya kikazi iliyokarabatiwa yenye RAM ya kuchomoka, kisha ukaagiza ile ya ndoto yako ukiwa huna presha. Ghali kidogo, lakini akiba yako haitatoka yote kwa mkupuo.

Na hii uliyonayo usiiuze mpaka mpya imalize mradi mmoja mzima, tangu kuingiza video hadi kumkabidhi mteja. Ukipata majibu ya wale wauzaji kuhusu betri na waranti, niandikie tuyasome pamoja, na uniambie mumeo alisema nini.